Mzee Mpima na Sabufa Mbili

Ukikaa na jirani muda mrefu unazoea sauti zake: kikohozi, redio, ugomvi wa jikoni. Mimi miaka niliyokaa mtaa wa Rusimbi, Kigoma, nilizoea sauti ya futi ya chuma ikijirudisha ndani ya kasha lake. Nikiisikia nilijua Mzee Mpima yuko upande wa pili wa ukuta, ameshapima kitu ambacho hakuna mtu aliyemwomba akipime.

Hatukumwita kwa jina. Alikuwa mpima ardhi wa serikali, aliletwa Kigoma kikazi kutoka milima ya Usambara akiwa kijana, akastaafia hapahapa, na jina lake la kwenye vyeti likabaki kwenye vyeti. Watoto walimwita Babu Mpima. Mkewe, mwenyeji wa Ujiji, alimwita "Baba" siku akiwa na furaha naye, na "huyu mtu wa serikali" siku akiwa hana.

"Mimi sibishani," alikuwa akisema, "mimi napima." Ukimsikia anasema hivyo ujue ubishi ndio kwanza umeanza. Mama mmoja aliyepita mtaani kwetu kila asubuhi na beseni la migebuka alimwogopa kuliko mgambo wa manispaa. Mzee Mpima angechagua samaki wawili, awalaze sambamba kwenye ukingo wa baraza, avute futi, kisha amweleze mama wa watu kwamba huyu anayeuzwa kama mkubwa amemzidi mwenzake mkia tu.

"Kwani wewe Mzee unakula samaki au unakula futi?" mama wa migebuka alimuuliza siku moja.

"Nakula samaki. Ila nataka kujua nakula kiasi gani."

"Haya, mkia nakupa bure. Niache niende zangu."

Kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzangu, watu wote wamesimama, keki inasubiri kukatwa, yeye alipanda jukwaani na kumsogeza bwana harusi kidogo upande wa kulia. Bwana harusi alidhani ni mzee wa upande wa bibi harusi, akasogea kwa adabu. Bibi harusi alidhani ni mzee wa upande wa bwana harusi, naye akanyamaza. Kumbe alikuwa jirani tu, aliyeona meza kuu haijakaa katikati, na roho yake haikutulia mpaka ikakaa.

Alinichosha sana, sitaficha. Mimi ni mwalimu, nikirudi nyumbani nataka kuvua viatu na kunyamaza. Yeye alikuwa akinisubiri barazani, ananisalimia kwa Kiha, salamu ya jioni, hata kama ni saa saba mchana na sote wawili si Waha, "Mwidiwe, Mwalimu!", kisha ananieleza kwamba geti langu limeinama. Nilimpenda vilevile. Watu wa aina hiyo huwezi kuwapenda nusu, maana hawakupi nafasi ya kukaa mbali.

Lakini ajabu yake ilikuwa hii: mtu aliyenyoosha mipaka ya viwanja vya watu kuanzia huku mjini mpaka Simbo, sebule yake mwenyewe ilikuwa imepinda. Ukuta mmoja ulianza vizuri dirishani, ukafika katikati ukakata kona kuelekea ndani, kwa hiyo upande wa mlangoni chumba kilikuwa chembamba kuliko upande wa dirishani. Ukimuuliza aliuliza habari za shule. Mkewe ndiye aliyenieleza. Wakati wa kuchimba msingi palikuwa na mchikichi, na mama mzazi wa huyu mke alikuwa akija kutoka Ujiji kuchuma ngazi, yaani matunda yake, na kukamua mawese. Mke akasema mti usikatwe. Mpima ardhi akakunja kamba, akafunga tena, akaupitisha ukuta pembeni. Baadaye mama alifariki, mchikichi nao ukaanguka wenyewe, na ukuta ukabaki unapisha mti ambao haupo.

Ninaeleza hayo ili mjue kwamba yule mzee alimpenda mkewe, maana mtakayosikia sasa yanaweza kuwafanya mfikiri vingine.

Ujana wake wote aliumalizia porini, na vigingi vyake na darubini yake juu ya miguu mitatu. Mkewe alikaa sebuleni peke yake, akajifunza kuijaza. Alialika majirani, akafuma vitambaa, akageuza chumba kile kikawa mahali ambapo mwanamke yeyote wa mtaani mwenye shida au kicheko angeingia na kukaa. Kila likizo mume alimwahidi: nikistaafu, jioni zote tutakaa hapa, mimi na wewe, tuangalie tamthilia. Alipostaafu ndipo alipogundua kwamba hajui kukaa. Alikuwa akisimama kila baada ya muda mfupi kwenda kupima kitu. Basi akatafuta kitu ambacho kingewafanya wote wawili wakae.

Mtoto wao aliyeko Dar es Salaam alimtumia kwa treni maboksi yaliyojaza bajaji mbili. Ndani mlikuwa na risiva nzito ya kuendeshea sinema za nyumbani, spika za mbele na za nyuma, na sabufa mbili zenye ukubwa wa kreti la soda kila moja. Kwetu sabufa ni jina la mtambo wote, hata ule mdogo wa kinyozi, kwa hiyo mtaa mzima ulisema Mzee Mpima kaleta sabufa. Alisimama getini kusahihisha kila aliyepita. Sabufa ni hizi mbili za mdundo tu, alisema, zilizobaki ni spika, na bosi wao wote ni risiva.

Kilichomtoa machozi, na nasema machozi kwa sababu niliyaona, ni kidude kilichokuwa chini kabisa ya boksi. Ilikuwa maikrofoni ndogo kama kifundo cha kidole, yenye kistendi chake cha miguu mitatu. Unaiweka mahali unapokaa, risiva inapiga milio, maikrofoni inasikiliza jinsi chumba kinavyoharibu ile milio, kisha risiva inajirekebisha yenyewe ili sauti ikae sawa hata kama chumba chako ni kibovu.

"Mwalimu," aliniambia amekishika kwa viganja viwili, "hii mashine inapima chumba. Umenielewa? Chumba kimepinda, yenyewe inakinyoosha bila kugusa tofali."

Kabla ya kupima ilibidi ajue sabufa zikae wapi. Mdundo una tabia ya kujazana kwenye kona na kupotea katikati, na mwanawe alimweleza kwa simu njia wanayotumia wajuzi: unaipandisha sabufa kwenye kiti chako, unapiga muziki, halafu wewe unatambaa chumbani, sikio karibu na sakafu. Pale utakaposikia mdundo vizuri, ndipo pa kuiweka. Mzee Mpima hakuona ubaya. Alivaa kaptura yake ya zamani ya kazini, akaikalisha sabufa kwenye sofa, akapiga magoti.

Mama wa migebuka alipiga hodi, hakusikika kwa sababu ya mdundo, akasukuma mlango. Alichokiona ni mzee wa watu, mwenye wajukuu, anatambaa kuzunguka meza huku anatikisa kichwa, na juu ya kiti chake limekaa sanduku jeusi linanguruma. Mkewe alikuwa pembeni anafuma, ametulia kabisa.

Mama wa migebuka hakuuliza. Alirudi kinyumenyume, na kufika saa ya adhuhuri habari ilikuwa imefika Ujiji. Wengine walisema ni kiharusi. Wengine walisema ni kitu cha ziwani, kimetoka upande wa pili wa maji, kimeingizwa ndani ya sanduku. Mimi niliulizwa shuleni kama ni kweli jirani yangu amesahau kutembea.

Siku iliyofuata ndiyo Mzee Mpima aliyokuwa ameipanga kwa ajili ya kupima chumba, na siku hiyohiyo watu wakaanza kuja kumpa pole. Nyie mnajua mambo ya pole. Huwezi kumwambia mtu aliyebeba chupa ya uji na ndizi kwamba huumwi. Walikaa barazani wamejipanga, wanasema kwa sauti ya chini, "Pole Mzee, ni mipango ya Mungu." Yeye alikuwa amesimama nje ya dirisha, rimoti mkononi, anawaomba wanyamaze, maana mtambo unataka ukimya mtupu na mtu asiwepo chumbani. Walinyamaza, wakaangaliana kwa huzuni. Walidhani ugonjwa umepanda kichwani.

Ndani, mkewe alipita na trei ya vikombe. Sasa huyu mama alikuwa na desturi moja, na si yeye peke yake, ni desturi ya kila sebule yenye heshima hapa kwetu: kitu kizuri hakikai uchi. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, sofa zina vitambaa mgongoni na mikononi. Aliona kidude cha mumewe, kile alichokililia, kimesimama juu ya kistendi katikati ya chumba bila nguo, na wageni wako mlangoni. Akaenda kabatini. Akakichagulia kitambaa kizuri kuliko vyote, cha mahameli nyekundu, kizito, chenye bitana na pindo la shanga. Akakifunika mpaka chini, akakirekebisha pindo, akatoka. Mumewe, uso bado uko kwa wageni, akabonyeza rimoti.

Sisi tuliokuwa nje tulisikia mlio ukianza chini kama ng'ombe na kupanda juu mpaka ukawa filimbi. Mlio ukarudiwa kwa kila spika. Mzee mmoja alivua kofia. Ulipokoma, mama mwenye nyumba alitangulia kuingia, akakihamishia kile kitambaa mgongoni mwa sofa.

Mashine yenyewe haikuwa na akili ya kujua mahameli. Ilisikia tu kwamba chumba hiki kinameza sauti zote nyembamba, ikajisemea basi nitazipandisha mpaka zisikike. Jioni tulialikwa kwenye uzinduzi. Mzee Mpima alivaa koti. Aliweka taarifa ya habari, na mtangazaji alipofungua kinywa kila herufi ya "s" ilitoka kama sufuria la moto lililomwagiwa maji. "Sssserikali imesssema..." Mbwa wa jirani aliyekuwa kizingitini aliondoka. Mama mmoja alishika meno. Kisha sabufa zikaingia, na huko kwangu, upande wa pili wa ukuta, sahani zangu zikasikika zikitembea kwenye rafu.

"Sssubirini," alisema Mzee Mpima, naye ameambukizwa.

Lile jambo halikumpa usingizi. Alipima tena karatasini, akachora chumba, akafikia uamuzi kwamba mashine haiwezi kukosea, kwa hiyo kosa ni la vitu vilaini: vitambaa, mito, mazulia, na wageni. Wageni wananyonya sauti, aliniambia, hasa wakivaa khanga. Alivua vitambaa vyote, akavikunja vizuri, hilo nakiri, akavirundika kabatini. Mito ikafuata. Akaondoa kiti cha mkewe cha karibu na mlango, kwenye ule wembamba, kwa sababu mdundo hujazana pale. Akaweka viti viwili tu katikati, akabandika mlangoni karatasi ya kuomba utulivu.

Mkewe hakugombana. Alichukua sindano zake na uzi, akatoka uani, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. Wanawake wote wa mtaani wakamfuata huko. Kuanzia hapo kila jioni uani kulikuwa na vicheko, na sebuleni alikaa mzee mmoja mbele ya runinga, na kiti kitupu pembeni yake. Zile "s" zilipiga kelele vilevile.

Nilimhurumia, na nilimkasirikia. Mtu amesubiri kukaa na mkewe maisha mazima, halafu anamtoa chumbani kwa sababu ya kona! Nilimwambia hivyo. Akaniuliza habari za shule.

Ukweli ulitoka kwa njia ya ukuta. Nilikuwa nasahihisha madaftari nikasikia mkewe anapekua kabati.

"Kitambaa changu cha mahameli umekipeleka wapi?"

"Kipi?"

"Kile nilichokifunikia kidude chako."

Futi ilijirudisha kashani. Halafu sauti ya mzee, taratibu mno. "Ulikifunika lini?"

"Si siku ile unapima! Watu wanakuja kukupa pole, kidude kimesimama uchi kama mwizi. Nikakisitiri. Au ulitaka waseme sikijali kitu chako?"

Nilisubiri mlipuko. Nilishusha hata kalamu. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na baada ya muda mfupi Mzee Mpima akawa amesimama barazani kwangu bila futi.

"Mwalimu, mashine haikuwa na kosa," alisema.

"Na vitambaa?"

"Havikuwa na kosa."

"Na wageni?"

"Nao hawakuwa na kosa."

"Sasa?"

Akaangalia geti langu, lile lililoinama, akaliacha lilivyo. Kisha akarudi kwake, akaenda uani. Nilimsikia akimwomba mkewe arudi ndani, na nikasikia jibu la mkewe mbele ya mashoga zake wote: "Nenda tu Baba. Huko kuna mashine, huku kuna watu. Mimi nimeshazoea watu."

Hiyo kauli ilimwingia. Wiki nzima hakupima kitu. Mama wa migebuka alimwuzia samaki mfupi kabisa, akampokea na kulipa, na mama akaja kuniuliza kama ugonjwa umerudi.

Baada ya hapo nilipata uhamisho. Siku moja kabla ya kusafiri, alasiri, nilikwenda kuwaaga. Karatasi ya mlangoni haikuwepo. Kabla sijapiga hodi, Mzee Mpima aliyekuwa amejibanza nje ya dirisha na rimoti yake alinionyesha kidole mdomoni. Nikachungulia.

Sebule ilikuwa imejaa. Wanawake wa uani wote walikuwa ndani, kawaita yeye mwenyewe, kila mmoja kwenye sehemu yake ya zamani, wengine mkekani, mama wa migebuka na beseni lake tupu miguuni. Vitambaa vilikuwa vimerudi kila mahali, mpaka juu ya sabufa, na juu ya sabufa mojawapo ilisimama chupa ya chai na sahani ya maandazi. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, palepale pembamba. Kidude cha kupimia kilikuwa kimewekwa begani kwake, usawa wa sikio, kiko uchi.

"Unapima na watu ndani?" nilinong'ona.

"Ndivyo chumba kilivyo," alinong'ona. "Nilikuwa napima chumba ambacho hakuna anayekaa."

"Na pale mlangoni si ndipo pabaya kuliko pote?"

"Pabaya sana. Ila anapenda kuona anayepita."

Akabonyeza. Mlio ukaanza chini ukapanda juu, na wanawake wakabana pumzi, mashavu yamejaa. Mmoja akapiga chafya. Mashine ikaandika kwenye runinga kwamba kuna kelele, ianzwe upya. Ikaanzwa upya. Safari hii mama wa migebuka alianza kucheka bila sauti, bega likamtikisa mwenzake, mwenzake akamtikisa wa tatu, mkeka mzima ukawa unatetemeka. Ikaanzwa upya tena. Mtu yuleyule aliyemsogeza bwana harusi mbele ya ukumbi mzima alisimama dirishani anasubiri vicheko viishe, wala hakukunja uso.

Mwishowe ikakubali. Tukaingia ndani, akaweka tamthilia. Sijui mtambo ule ulifanya hesabu gani na kile chumba kilichopinda, lakini mtu aliyeongea kwenye runinga aliongea kama amekaa nasi, na mdundo ukaja taratibu, ukakaa chini ya maneno bila kuyagusa. Wanawake walitoa macho. Baada ya kipande cha kwanza wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kupika, mpaka tukabaki watatu, mkewe ameegemeza kichwa kwenye kitambaa cha kiti, amefumba macho. Mzee Mpima alikuwa amekaa kwenye kigoda kando yake, mikono magotini, na nilipomtazama niligundua kwamba hajasimama tangu tamthilia ianze.

Niliinuka kuaga. Akanidaka mkono.

"Usiage, Mwalimu," alininong'oneza, na kwa mara ya kwanza nilimwona na hofu. "Ukiaga ataamka akusindikize. Akitoka hapo hatarudi, atapitia uani."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Yule mama hakuwahi kumwacha mgeni atoke peke yake. Hata aliyekuja kuazima chumvi alimfikisha njia panda, na njia panda walisimama wakaongea upya. Mimi nilikuwa naondoka Kigoma kabisa. Angenisindikiza mpaka stesheni.

Basi nikavua ndala zangu nikazishika mkononi, nikaanza kunyata kuelekea mlangoni, mtu mzima, mtumishi wa umma, natoroka kwenye nyumba iliyonilisha miaka yote bila kusema asante. Nilishafika kizingitini.

"Safari njema, mwanangu," mkewe alisema bila kufumbua macho. "Wasalimie huko. Leo sikusindikizi."

Nikageuka. Mzee Mpima alikuwa ameganda na rimoti hewani.

"Nimekaa," akasema mama yule, akajiweka vizuri kwenye kiti chake.